Kusema "Ni Kopi" Hakumwokoi Muuzaji

Fundi wa simu mmoja pale Soko la Majengo alibandua mfuniko wa pawabenki yangu kwa ncha ya bisibisi, akaigeuza, na juu ya gazeti alilotandika mezani ukamwagika mchanga. Ndani palikuwa na betri moja nyembamba, nyaya mbili, na kifuko cha nailoni kilichojazwa mchanga ili chombo kiwe na uzito wa kumridhisha anayekipima kwa kiganja. Ganda lilikuwa na jina la kampuni inayojulikana na maandishi ya uwezo wa 20,000 mAh. Niliiagiza mtandaoni, nikatuma fedha "na ya kutolea" kama nilivyoelekezwa, na mzigo nikaupokea stendi ya Nanenane kutoka kwa kondakta wa basi la Dar es Salaam. Nilipompigia muuzaji, aliniuliza kwa utulivu kama niliwahi kuona pawabenki halisi ikiuzwa kwa bei ile.

Nakiri kwamba swali lake lilinichoma, kwa sababu bei ile ndiyo iliyonivuta. Hata hivyo, bei ndogo si tangazo kwamba bidhaa ni feki. Mtu anayeweka picha ya bidhaa halisi, akaandika jina la kampuni halisi, kisha akapeleka mchanga, amejipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na kosa hilo limo katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, ambacho adhabu yake hufikia kifungo cha miaka saba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu asili na ubora wa bidhaa, na yale maneno ya kwenye risiti, "mali ikiuzwa hairudishwi", hayafuti udanganyifu uliotangulia mauzo.

Kwa muuzaji wa namna hiyo sina maneno mengi, kwa kuwa hata yeye mwenyewe anajua anachofanya. Anayenisumbua ni mwingine, na kwa bahati mbaya ni mpwa wangu.

Kijana huyu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, amepanga chumba Ng'hong'ona, na anauza raba na saa kupitia simu yake. Nilipomsimulia habari ya mchanga alicheka, kisha akaniambia, "Mjomba, mimi siwafanyii watu hivyo. Naandika kabisa kwamba ni kopi, grade A. Anayenunua anajua." Nilikaa na hoja hiyo siku kadhaa, maana haikuwa ya kijinga. Kama mnunuzi ameambiwa ukweli na ameridhika, nani amedhulumiwa?

Jibu la sheria ni fupi. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo leo inasimamiwa na Tume ya Ushindani, haianzi kwa kuuliza kama mnunuzi alijua. Inauliza kama bidhaa imebandikwa alama ambayo si yake. Ipo nafuu kwa muuzaji aliyechukua tahadhari zote, asiwe na sababu ya kutilia shaka, na akawa tayari kumtaja aliyemuuzia mzigo. Sasa aliyeandika "kopi" kwa mkono wake mwenyewe atasimama mbele ya hakimu na kusema hakushuku nini? Ukweli anaojivunia kwa mteja unageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Tena kwa kuwa anafanyia biashara mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24, inamgusa pia: anayetumia mfumo wa kompyuta kukiuka haki miliki kwa ajili ya biashara anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Kwa kijana ambaye mtaji wake wote unaenea chini ya kitanda, hiyo si adhabu ya kuichukulia mzaha.

Jibu la maadili ndilo refu, nami nadhani limo katika safari ya bidhaa yenyewe. Ukweli wa mpwa wangu unaishia kwa mteja wake wa kwanza. Saa aliyoiuza kama kopi, mteja ataipeleka nyumbani Kondoa na kumzawadia baba yake kama saa halisi. Au ataiuza Mpwapwa akisema ni "grade one". Na atakayeinunua huko ataiuza tena kama orijino. Bidhaa inatembea lakini maelezo yake hayatembei nayo. Alama iliyobandikwa inaendelea kusema uongo kwa kila atakayeishika, miaka mingi baada ya muuzaji mkweli kusahau kwamba aliwahi kuiuza.

Wenye kumbukumbu watakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu feki nchini. Zilizimika za walionunua wakijua na za walionunua bila kujua, na mama aliyerithi simu ya mwanawe alibaki na kipande cha plastiki mkononi. Simu angalau ilikuwa na namba ya kuhakiki kwa kubonyeza *#06#. Raba haina, na pedi ya breki haina.

Kuna bidhaa ambazo kwangu mimi si za kujadiliana hata kidogo. Hapa Dodoma na kwa jirani zetu wa Singida mvua ni msimu mmoja tu. Mkulima wa alizeti anayeuziwa kwenye kundi la WhatsApp alizeti ya kawaida iliyopakwa rangi ionekane mbegu bora na kufungwa kwenye mfuko wenye lebo ya kughushi atajua ameibiwa wakati mvua imeshakwenda, na hata akirudishiwa fedha zake, msimu haurudishwi. Hapo wizi ni wa mwaka mzima wa watu wanane wanaokula chungu kimoja. Mfano huo nilimpa mpwa wangu, akanijibu kwamba yeye hauzi mbegu. Ni kweli hauzi, lakini mchapishaji wa lebo za kughushi anaishi kwa wateja kama yeye, na hachagui kama leo anachapa ya raba au ya mfuko wa mbegu.

Alinilalamikia pia kwamba wakubwa wanaoingiza makontena wanaendelea na shughuli zao ilhali wadogo ndio hukamatwa. Sikumpinga sana. Mdogo ndiye mwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake na kitambulisho chake, kwa hiyo ndiye rahisi kupatikana. Nilimwambia hiyo ni sababu nyingine ya kuacha.

Juzi alinipigia kuuliza kama anaweza kumalizia kwanza jozi 11 zilizobaki, kisha aanze mtumba. Nikamwambia hasara hiyo aibebe yeye, asitafute mtu wa kumbebesha. Alinyamaza kidogo, akasema atanipigia. Boksi bado lipo chini ya kitanda, kwa maneno ya mama yake, ila tangazo la raba ameshaliondoa.