Jina Langu Kwenye Orodha ya Mavalnarabo

Mchumba wangu anashinda kwenye simu akisikiliza washauri wa mahusiano. Jioni moja kanigeukia: "Umejifunga mno wewe. Nataka uwe *vulnerable* kwangu."

Kwetu Kilosa neno hilo halina mapenzi hata chembe. Lilikuja na miradi. Enzi za ule mpango wa taifa wa 2007 hadi 2010 wa watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, wataalamu walishuka na magari yao wakilitamka mpaka bibi zetu wakalimeza: mavalnarabo. Valnarabo ni yatima, au mtoto anayelelewa na bibi asiyejiweza. Anapewa sare, madaftari na sabuni ya mche.

Nikampigia mjomba, mjumbe wa kamati ya kijiji inayoorodhesha hao mavalnarabo. "Mjomba, mchumba anataka niwe valnarabo."

Akanyamaza kidogo. "Mpwa wangu, hali imefika huko? Niachie mimi."

Mkutano wa kijiji ukaja, chini ya mwembe. Utaratibu ni majina yasomwe hadharani, wananchi wapinge au wakubali. Mimi nilipita tu kushusha abiria. Mtendaji anasoma yatima mmoja baada ya mwingine, mara nasikia jina langu, la baba na la babu. "Umri, miaka 34. Mlezi, mjomba."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Akasimama mwalimu mstaafu, mzee wa seminari: "Neno hili ni la Kilatini. *Vulnus*, jeraha. Tuonyesheni jeraha la huyu."

Mama mmoja, bila hodi, akanipandisha suruali hadi gotini. Kovu la ekzosi hilo, jeusi, la mviringo. "Hili hapa!"

"Hilo dogo," mjomba akadakia. "Jeraha lake liko moyoni. Mchumba anamnyanyasa."

Sasa, benchi la mbele alikuwa amekaa baba wa huyo mchumba. Hakugeuka. Mtendaji naye, kwa bidii ambayo kwenye mihuri haionekani, akaanza kuhakiki mali zangu kwa sauti: pikipiki mbili, moja kampa kijana anayemletea hesabu, ufuta ekari tatu, nyumba ya bati.

Baba mkwe akatoa kalamu, akaandika kiganjani. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwake nikilia hali ngumu, anipunguzie mahari.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, valnarabo. Hiyo pikipiki ya pili ni ya mwaka gani?"