Julian Bond: wote mnaikumbuka ile kesi, ramani mmeisahau

Ile picha ya Julian Bond, mwanaharakati wa haki za weusi Marekani, kakaa kwenye kiti ndani ya bunge la jimbo la Georgia, Januari 10 mwaka 1966, wenzake wamesimama wanakula kiapo na yeye kabaki pale na suti na tai yake kama mwanafunzi aliyefukuzwa ada, ni picha kali na naelewa kabisa kwanini watu wanaipenda. Ila mimi nina ugomvi nayo. Imemeza kila kitu kingine alichofanya yule mzee. Ukimtaja Bond mtu anakwambia "aah, yule aliyekataliwa bungeni akashinda kesi", basi, stori imeisha, na hapo ndo kwanza alikuwa na miaka 25, bado ana miaka ishirini ya kukaa kwenye vikao vya kuchosha ambavyo hakuna aliyevipiga picha.

Tuimalize ya picha haraka basi. Bond alizaliwa Nashville mwaka 1940, baba yake Horace Mann Bond alikuwa mkuu wa Lincoln University kule Pennsylvania, chuo alichosoma Kwame Nkrumah, kwa hiyo dogo kakulia kwenye nyumba ya wasomi. Akaenda Morehouse, Atlanta, akaacha masomo njiani akaingia SNCC, ile jumuiya ya wanafunzi waliokuwa wanakaa kwa nguvu kwenye migahawa ya wazungu. Kazi yake huko ilikuwa habari: kuandika taarifa, kuwapigia simu waandishi, kuhakikisha mtu akipigwa Mississippi gazeti la New York linajua. 1965 akagombea bunge la Georgia akashinda.

Januari 3, 1966, kijana anaitwa Sammy Younge aliuawa kwa risasi Tuskegee, Alabama. Alikuwa mwanafunzi, tena alishalitumikia jeshi la majini la Marekani, na kosa lake lilikuwa kutaka kutumia choo cha wazungu kwenye kituo cha mafuta. Siku tatu baadaye SNCC wakatoa tamko la kupinga vita ya Vietnam, kwamba hatuwezi kwenda kupigania uhuru wa watu huko mbali wakati sisi wenyewe tunauliwa kwa sababu ya choo, na kwamba wako pamoja na vijana wanaokataa kuandikishwa jeshini. Bond hakuliandika lile tamko. Mwandishi alimpigia kumuuliza unakubaliana nalo, akajibu ndiyo. Hicho tu. Bunge likapiga kura 184 kwa 12 asiapishwe.

(Georgia wana historia na hii michezo. 1868, mara tu baada ya utumwa kufutwa, bunge hilohilo liliwatimua wabunge weusi, akiwemo mchungaji Henry McNeal Turner, kwa hoja kwamba katiba imewapa weusi haki ya kupiga kura ila haikusema wana haki ya kuchaguliwa. Hoja ya kihuni kweli, na ilipita.)

Bond akaenda mahakamani. Jopo la majaji watatu likampinga wawili kwa mmoja, aliyemuunga mkono akiwa Elbert Tuttle peke yake. Wakati kesi inapanda juu, kiti kikatangazwa kiko wazi, uchaguzi ukaitishwa, na wapiga kura wake wakamrudisha yeye yule, akakataliwa tena, ukaja uchaguzi mkuu wa Novemba wakamchagua kwa mara nyingine. Desemba 5, 1966 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji wote tisa, jaji mkuu Earl Warren ndo kaandika hukumu, kwamba mbunge ana uhuru mpana wa kusema mawazo yake kuhusu sera na huwezi kumnyima kiti kwa hilo. Akaapa Januari 1967. Safi sana, hakuna anayebisha.

Kwenye SNCC hiyohiyo alikuwepo Bob Moses, naye aliitwa jeshini akakataa, ila yeye hakuwa na kiti cha kupigania mahakamani, akapitia Canada akaishia Tanzania, akafundisha hesabu Same mkoani Kilimanjaro mpaka miaka ya sabini huko. Kuna wazee wa Same wamefundishwa hesabu na mmoja wa vichwa vikubwa vya harakati za Marekani. Nimeitupia tu hapo kwa sababu hiyo ndo ilikuwa bei ya lile tamko kwa ambao hawakuwa wabunge.

Sasa tuje kwenye ninachotaka kusema. Bond alikuwa bunge la chini la Georgia mpaka 1975 halafu seneti ya jimbo mpaka 1987, na kwa maoni yangu kazi yake kubwa kuliko zote humo ndani ni ramani ya mwaka 1981 na 1982. Ramani, yaani mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Najua haina mvuto, nivumilie.

Kwetu mipaka ya uchaguzi ni kazi ya tume, Kenya IEBC na Tanzania Tume ya Uchaguzi, tunailalamikia tume hiyo asubuhi na jioni, lakini angalau kwenye karatasi siyo wabunge wenyewe. Georgia ni wabunge wa jimbo ndo wanaochora, wanajichorea wao na wanawachorea wale wa Congress, bunge la taifa kule Washington, kila baada ya sensa. Na Bond alilijua hilo kuliko wengi maana hata yeye aliingia bungeni kwa sababu ya mipaka. Zamani kaunti za mashambani zenye watu wachache zilikuwa zinaizidi nguvu Atlanta yote, 1964 Mahakama ya Juu ikasema viti vifuate idadi ya watu, Georgia ikalazimika kuchora upya na kurudia uchaguzi 1965, na hapo ndo weusi wakaingia bunge la chini kwa mara ya kwanza tangu 1907. Hotuba zilisaidia, maandamano yalisaidia sana, ila mlango wenyewe ulifunguliwa na mstari kwenye ramani.

Baada ya sensa ya 1980 Bond akataka jimbo la tano la Congress, lile la Atlanta, lichorwe weusi wawe asilimia 69. Na aliyeungana naye seneti ni nani? Paul Coverdell, kiongozi wa Republican. Usishangae. Republican walikuwa wachache wakati huo na hesabu yao ilikuwa rahisi, ukiwakusanya weusi jimbo moja basi vitongoji vya jirani vinabaki na wazungu wengi na wao wanapata pa kushikia. Kuna watu mpaka leo wanamlaumu Bond kwa hilo, kwamba aliwafungulia Republican njia ya kusini. Lawama ina ukweli ndani yake, sikatai, lakini niambie ungefanyaje wewe, umekaa na Democrat wenzako miaka kumi na tano, hawajawahi kukupa hata jimbo moja ambalo mweusi anaweza kushinda bila kumuomba mtu ruhusa, anatokea adui wa adui yako ana kura za kukupa. Mimi ningezichukua.

Seneti ikapitisha. Bunge la chini likagoma. Mwenyekiti wa kamati ya mipaka kule alikuwa Joe Mack Wilson, alitamka wazi kwamba hatachora jimbo la weusi, na neno alilowaitia silirudii hapa. Mwisho wa mvutano ikatoka ramani ya asilimia 57, ambayo ukiisikia unaweza kudhani ni ushindi, ila ukiangalia waliojiandikisha kupiga kura weusi walikuwa chini ya nusu. Huo ndo utamu wa hii michezo, namba ya juu inapendeza na ya chini ndo inayopiga kura.

Lakini kulikuwa na Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, kile kifungu cha tano, kwamba majimbo yenye historia mbaya kama Georgia hayaruhusiwi kubadili kitu chochote cha uchaguzi mpaka Washington ikague kwanza. Wizara ya Sheria ikaikataa ramani. Georgia ikaenda mahakamani Washington ikashindwa 1982, na majaji waliandika kwenye hukumu bila kuzunguka kwamba Wilson ni mbaguzi wa rangi. Kwenye hukumu, yaani siyo kwenye gazeti! Bunge likarudi kuchora, weusi wakawa asilimia 65 hivi, uchaguzi wa hapo ukaahirishwa. Ramani mbovu haikutumika hata siku moja, na hapo ndo pa kupakumbuka.

Halafu sasa, utamu na uchungu. Mzungu aliyekuwa anashikilia kile kiti, Wyche Fowler, hakuondoka mpaka 1986 alipogombea useneta. Bond akaacha kiti chake cha seneti ya Georgia akagombea jimbo alilolipigania. Akamkuta John Lewis, rafiki yake tangu SNCC, yule aliyepasuliwa kichwa na polisi pale daraja la Selma, aliyekuwa diwani wa Atlanta. Raundi ya kwanza Bond asilimia 47, Lewis 35. Nchi nyingine hapo unashangilia unaenda kulala. Georgia lazima uvuke nusu, sheria iliyopitishwa 1964 ikisukumwa na Denmark Groover, mtetezi mkubwa wa ubaguzi, na watu wa haki za kiraia walikuwa wanaipiga vita miaka yote kwa sababu inawapa wazungu nafasi ya kujikusanya raundi ya pili. Ikarudiwa Septemba, Lewis akashinda kama 52 kwa 48. Wengi wa weusi walimpigia Bond, ila wazungu walio wengi sana walienda kwa Lewis, na hao ndo walioamua, ndani ya jimbo lililochorwa ili weusi waamue wenyewe.

Na kampeni ilikuwa chafu, Lewis alimtaka rafiki yake wakapimwe madawa ya kulevya, mbele ya watu. Nampenda Lewis, kakaa kwenye kile kiti mpaka anafariki 2020 na alikitendea haki, lakini ile haikuwa sawa. Pia tuseme kweli, Bond naye walikuwepo waliosema anapenda zaidi kuzunguka vyuoni kuhutubia kuliko kukaa Atlanta kugonga milango, na Lewis aligonga milango hasa.

Baadaye Bond akaongoza bodi ya NAACP, ile jumuiya kongwe ya kutetea haki za weusi, kuanzia 1998 mpaka 2010, akafundisha vyuo vikuu, akafariki Agosti 2015. Miaka miwili kabla, Juni 2013, alishuhudia Mahakama ya Juu ikikiua kile kifungu cha tano kwenye kesi ya Shelby County, kwa kufuta kanuni iliyokuwa inataja majimbo gani yakaguliwe.

Matokeo yake unayaona vizuri ukiziweka Georgia mbili pamoja. Ile ya 1982 ramani ilizuiwa kabla mtu hajapiga kura. Hii ya juzi ilichora ramani 2021, jaji wa Atlanta Steve Jones akaona mapema 2022 kwamba inaelekea kuvunja sheria, lakini uchaguzi ulikuwa umekaribia, akaiacha itumike. Hukumu yenyewe ya kwamba weusi wamepunjwa ilitoka Oktoba 2023, wakati walioshinda kwa ramani hiyo walikuwa wameshaapishwa na wako vitini wanatunga sheria.