Tusimsimulie Bajcsy-Zsilinszky nusu nusu

Tarehe 19 Machi 1944 majeshi ya Hitler yaliingia Hungaria bila kuzuiwa. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walikuja na orodha yao, wakapita Budapest nyumba kwa nyumba wakikamata watu. Kwenye nyumba moja walipokewa kwa risasi. Mwenye nyumba, mbunge wa miaka 57, alipambana nao kwa bastola mpaka akajeruhiwa, ndipo wakamchukua. Jina lake Endre Bajcsy-Zsilinszky.

Hiyo ndiyo picha iliyobaki. Leo katikati ya Budapest kuna barabara kuu yenye jina lake, kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi, kuna hospitali. Heshima hiyo siipingi. Ninachokipinga ni kumsimulia mtu huyu kana kwamba alizaliwa asubuhi ile akiwa na bastola mkononi, maana kulikuwa na bastola nyingine kabla ya hiyo.

Mwezi Mei 1911, kijana huyu wa ukoo wa Zsilinszky, msomi wa sheria, alifuatana na ndugu yake Gábor hadi nyumbani kwa András Áchim katika mji wa Békéscsaba. Áchim alikuwa mbunge na kiongozi wa chama cha wakulima. Alikuwa akidai mashamba kwa watu wasio na ardhi, na mabwanyenye wa mkoa ule walimchukia. Alikuwa amemkashifu baba yao, nao wakaenda kumdai heshima ya mzee. Ugomvi ukazuka, bastola ikalia, na siku ya pili Áchim akafariki. Mahakama iliwaachia huru ndugu wote wawili. Ukitaka kujua Hungaria ya zamani ilivyokuwa, itazame hukumu hiyo: mtetezi wa wakulima anauawa ndani ya nyumba yake, na vijana wa familia bora wanarudi kwao.

Vita Kuu ya Kwanza ilimchukua akawa ofisa wa jeshi. Aliporudi, nchi ilikuwa inavunjika. Mkataba wa amani wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 uliinyang'anya Hungaria takriban theluthi mbili ya ardhi yake, na Wahungaria zaidi ya milioni tatu wakajikuta raia wa Romania, Chekoslovakia na Yugoslavia. Jeraha hilo lilikuwa la kweli, na anayelidharau hatawaelewa watu wale. Lakini angalia walichokifanya nalo. Mwaka huo huo bunge la Budapest lilipitisha sheria ya kupunguza idadi ya Wayahudi katika vyuo vikuu. Walilia kwamba ndugu zao wanaonewa ng'ambo ya mipaka, huku wao wakiwaonea majirani waliozaliwa nao mitaa ile ile. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Zsilinszky alikuwa mstari wa mbele katika hayo. Alikuwa pamoja na mwanasiasa Gyula Gömbös katika MOVE, jumuiya ya maofisa wa jeshi waliochukia mapinduzi, wakomunisti na Wayahudi. Aliongoza gazeti la Szózat, lililohubiri kwamba taifa linapaswa kulindwa dhidi ya damu ngeni. Mwaka 1922 aliingia bungeni, na mwaka uliofuata akatoka na Gömbös katika chama tawala kwenda kuanzisha chama kilichojiita kabisa watetezi wa uzawa. Na damu hiyo waliyoitetea ilikuwa ipi? Zsilinszky alikuwa na asili ya Kislovakia, kama Áchim, na Gömbös alikuwa na asili ya Kijerumani. Maneno haya huwa hivyo kila yanapotokea: mpaka wa uzawa huchorwa na wale waliokwisha kuingia ndani.

Waliachana mwaka 1928, Gömbös aliporudi serikalini. Gömbös akapanda hadi kuwa waziri mkuu mwaka 1932 na akakimbilia kuonana na Hitler mapema kuliko viongozi wengine wa nchi za nje. Bajcsy-Zsilinszky, ambaye sasa alikuwa ameongeza jina la mama yake, alianzisha chama kidogo na kupata kiti cha ubunge kupitia Tarpa, kijiji cha wakulima mashariki ya nchi. Akapigania kugawanywa kwa mashamba makubwa, jambo lile lile alilokuwa akilidai Áchim. Mwaka 1938 alichapisha kitabu ambacho jina lake linasema njia ya pekee ni mkulima wa Hungaria. Siwezi kuyasikia maneno hayo bila kuikumbuka nyumba ile ya Békéscsaba.

Wapo wanaosema aligeuka. Mimi nasema hakugeuka kama tunavyopenda kuamini. Aliichukia Ujerumani ya Hitler kwa sababu alikuwa mzalendo mkali: aliona kwamba Hungaria itamezwa, iwe Ujerumani imeshinda vita au imeshindwa. Hofu hiyo ndiyo iliyomsogeza kwa watu aliokuwa akiwapiga vita zamani, hadi Krismasi ya 1941 akaandika katika Népszava, gazeti la Wasoshalisti. Hata hivyo, hesabu za siasa peke yake hazielezi alichokifanya mwezi uliofuata.

Januari 1942, jeshi na polisi wa Hungaria waliua watu zaidi ya 3,000 katika eneo la Bačka walilolitwaa kutoka Yugoslavia, wengi wao Waserbia na Wayahudi. Mjini Novi Sad watu walipelekwa kando ya Mto Danube ulioganda, wakapigwa risasi, na maiti zikasukumwa chini ya barafu. Nchi ilikuwa vitani, na waliouawa walikuwa ndio wale wale ambao wazalendo wa Szózat waliwaita maadui wa taifa. Bajcsy-Zsilinszky alisimama akadai wauaji waadhibiwe, na akamwandikia mtawala Horthy mwenyewe. Kesi ilifunguliwa mwaka 1943, na washtakiwa wakuu wakatorokea Ujerumani. Kwangu mimi, barua ile inazidi risasi za Machi 1944. Kumpiga risasi Mjerumani anayekuja kukukamata ni ushujaa, ndiyo. Lakini kusimama katikati ya vita na kusema kwamba askari wa taifa lako, waliovaa sare uliyoivaa wewe, ni wauaji wa Waserbia na Wayahudi, hilo wazalendo wachache sana wamewahi kuliweza.

Na bado haliyafuti yale ya kwanza. Kati ya Mei na Julai 1944 Wayahudi wapatao 437,000 walisombwa kwa treni kutoka Hungaria, karibu wote kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz. Mmoja wa waliosimamia kazi hiyo katika wizara ya mambo ya ndani alikuwa László Endre, mtu aliyepitia MOVE. Mbegu ile ilipandwa mapema, magazetini na majukwaani, na Bajcsy-Zsilinszky alikuwa miongoni mwa wapanzi. Kuwaambia vijana habari za kitanzi ambacho mafashisti walimnyongea baadaye bila kuwaambia habari za gazeti lake ni kuwanyima kitu wanachokihitaji.

Aliachiliwa Oktoba 1944, chama cha kifashisti cha Msalaba wa Mishale kikatwaa madaraka, naye akakubali kuongoza kamati ya siri iliyopanga kuwaasi mafashisti na Wajerumani. Wakasalitiwa mwezi Novemba. Wenzake watatu wanajeshi, János Kiss, Jenő Nagy na Vilmos Tarcsay, walinyongwa Budapest tarehe 8 Desemba. Yeye alipelekwa gereza la Sopronkőhida, karibu na mpaka wa Austria, akanyongwa mkesha wa Krismasi.

Mei 1945 mwili wake ulipelekwa Tarpa, ukazikwa kwa wakulima waliompigia kura. Wakati huo Áchim alikuwa na miaka 34 kaburini.