Tumechoka Kubebeshwa Masanduku

Jumamosi nilimpeleka binamu yangu Hackney, London, kuona matunda. Si ya kununua, ya kutazama: stafeli, shelisheli na tomoko, ya marumaru na shaba, makubwa ya kukalika, yamelazwa chini pale Narrow Way watu wakipita na mifuko yao ya sokoni. Ni kumbukumbu ya wahamiaji wa Karibea waliokuja Uingereza, kizazi cha Windrush. (Najua, Waunguja, topetope. Tusianze tena.) Binamu akayazunguka, akabonyeza moja kwa kidole kama anayepima embe, kisha akasema: "Yaani watu wamejenga nchi hii, mwisho wanaenziwa kwa matunda?"

Yeye anaipenda kumbukumbu yao nyingine, ile ya stesheni ya Waterloo. Mume, mke na mtoto wa shaba, wameshikana mikono juu ya rundo la masanduku, urefu futi 12. "Ile ndiyo sanamu," akaniambia. Nilinyamaza hadi nyumbani, kwa sababu ni mgeni wangu. Sasa amelala.

Kwa nini kila mhamiaji akichongwa lazima awe na sanduku? Meli ya Empire Windrush ilitia nanga bandari ya Tilbury 1948, imebeba wahamiaji kutoka Karibea. Wale watu wameuguza wagonjwa, wameendesha mabasi, wamezika na wamezikwa hapa, na bado tunawaonyesha hawajafungua mizigo! Tena stesheni, mahali pa kuondokea. Na si jambo dogo kwa watu hawa hasa. Wazee walioletwa wakiwa watoto waliambiwa wathibitishe haki yao ya kuishi hapa, wengine wakafukuzwa nchini, ilhali kadi za kuingilia ambazo zingewasaidia zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe 2010. Kashfa ikalipuka 2018. Juni 2022, wengi wakiwa bado wanangoja fidia, serikali ikazindua sanamu yake hiyo ya Waterloo, ya pauni milioni 1, wahusika wakiwa na mizigo tayari. Asanteni sana.

Haya, Basil Watson aliyeichonga ni fundi, sibishi. Zile nguo za kutokea, jinsi walivyopendeza kwa safari ya kwenda wasikokujua, zilinigusa hata mimi. Basi, nimeshasema.

Lakini Veronica Ryan, mwenye yale matunda ya Hackney, ameelewa kitu kingine. Alizaliwa Plymouth, kisiwani Montserrat, Karibea, 1956, akaletwa London mchanga, na mama yake akawa anakwenda naye soko la Ridley Road. Mji aliozaliwa ulifukiwa na majivu ya volkano miaka ya 1990, kwa hiyo hata anayetaka kumwambia arudi kwao hana pa kumrudisha. Yeye akachonga matunda. Mtu anayeulizia shelisheli sokoni ana jiko, ana sufuria, ana watu wanaomngoja wale. Huyo hapiti, huyo amekaa. (Mwaka 2022 alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza, ila binamu hashtuliwi na tuzo.)

Isitoshe, matunda yenyewe yamesafiri kutuzidi. Shelisheli lilipakiwa melini kutoka Tahiti, likafika Karibea 1793 ili watumwa walishwe kwa bei nafuu. Stafeli likatoka Amerika likaja huku kwetu, na leo nani Mombasa ataliita tunda la kigeni? Marehemu nyanya yangu alikuwa na mti wake uani, na ole wako ukitikisa tawi.

Kule Hackney, binamu akiwa bado anapiga picha za kuwatumia watu na vicheko, bibi mmoja mwenye mkokoteni wa kununulia vitu alikuja akaketi ukingoni, akaweka kiganja juu ya shelisheli. Nikamsalimu, nikamuuliza kwao wanalipikaje. Ni wa Grenada. Wanalitia kwenye chungu na nyama ya chumvi na tui la nazi, likauke kabisa, lisibaki rojo.

"Sisi tunaacha rojo," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma. "Mnaliharibu," akasema.