Dola Zangu Ziko Kwenye Hesabu

Dola ikitobolewa na sindano inakufa? Nauliza tu, kwa sababu hapa Goma inakufa na kuzikwa. Nilifika soko la Birere asubuhi na noti tatu za mia. Yule mama kambisti, mbadilisha pesa, akajiweka sawa juu ya kigoda chini ya mwavuli wake, akainua noti ya kwanza kuelekea jua, akafumba jicho moja kama daktari anayesoma picha ya mapafu.

"Papa, hii iko na tundu."

Tundu gani? Nilikodoa mpaka machozi yakanitoka. Akanionyesha kwa ncha ya ukucha. Tundu lenyewe, sisimizi angepita kwa kuinama.

"Hii nitaikamata kwa makumi tisa."

Na mwenyewe amezungukwa na marundo ya franka zetu! Noti za mia tano zilizolala kwenye sidiria za wauza samaki, zikaamkia mifukoni mwa motari, nyingine zimegangwa kwa selotepu, nusu ya kulia haijuani na nusu ya kushoto. Hizo zinapita bila swali. Dola, kwa kuwa ni mgeni, lazima ije kama bibi harusi. Tukabishana, nikaongezea, nikaapa kwa jina la marehemu baba, mwisho nikaondoka na mia tatu safi. Nilichoongezea sikisemi, mke wangu anasoma.

Mkunjo pia ni ugonjwa, mnajua. Noti ikikunjwa mara nne, kule Bukavu nilikokuwa nakwenda wanakuuliza kama uliitafuna. Mama watoto akashauri niziweke kwenye soksi. Soksi! Mguu wangu na joto lake? Nikachukua Biblia yangu ya jalada gumu, nikazilaza noti tatu kwenye kitabu cha Hesabu, nisije nikasahau ziko wapi. Biblia ikaingia sakoshini, pembeni yake jibini ya Masisi, duara zima, zawadi ya shemeji. Msiniambie habari ya kutuma kwa simu. Mdogo wake mke wangu anaoa, na shemeji mkubwa, anayeongoza mambo yote, alisema mchango ufike mkononi, wakwe wauone. Mahari haitumwi kama vocha.

Sasa niwaambie kipaji changu. Miaka kumi na tisa niko karani katika kenkayeri, nauza misumari, rangi na bati. Kwa kazi hiyo nimejifunza kumsoma mtu kwa viatu. Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ulitumwagia mawe mwaka 1977, ukarudia 2002 mpaka moto ukapita katikati ya mji na kuingia ziwani, ukaja tena 2021, na sisi tunatembea juu ya mabaki yake kila siku. Mawe yale yanakula soli kama panya. Kwa hiyo mtu wa Goma mwenye soli iliyoliwa ni mtu wa kweli, ana jasho lake, hata ukimkopesha rangi atalipa. Mwenye kiatu safi hatembei. Hatembei kwa nini? Nani anambeba? Kwa pesa ya nani? Mnaona jinsi swali moja linavyozaa lingine. Mimi silali na maswali kama hayo.

Bandarini sitakaa sana. Meza ya kwanza tiketi, meza ya pili muhuri, meza ya tatu muhuri wa kuthibitisha muhuri, meza ya nne kijana asiye na muhuri lakini mkono ameunyoosha. Kisha wanakuvisha jile ya kuelea, ya rangi ya chungwa, na abiria wote tunafanana maboga. Meli ya usiku ndiyo niliyochagua. Canot, ile boti ya haraka, inafika Bukavu kwa saa chache, lakini bei yake ni ya watu wenye viatu safi.

Nikapata kiti karibu na magunia ya viazi. Katikati aliketi mama mmoja na binti yake wa miaka kama mitatu, gauni la kanisa, riboni nyeupe kichwani, uso wa malaika kabisa. Upande wa pili wa yule mama akaja kuketi MTU.

Nilianza chini, kama kawaida yangu. Viatu vyeupe. Si vyeupe vya juzi, vyeupe vya maziwa! Katika mji wa vumbi jeusi! Nikapanda juu taratibu: suruali ya mifuko mingi, jaketi la kijani kama la jeshi, nywele za rasta, miwani myeusi na jua limeshazama, na kovu lililotoka sikioni likaja kulala kidevuni. Akaweka begi lake chini. Begi likalia. Chuma kwa chuma.

Nikavuta sakoshi yangu mapajani.

Simu yake ikaita, akajibu kwa Kilingala. Jamani, lugha ni lugha, Mungu anazisikia zote. Lakini sisi watu wa mashariki, Kilingala kilitufikia kwa mdomo wa askari tangu enzi za Mbelgiji, na sikio letu mpaka leo likikisikia linajiandaa kuonyesha kitambulisho. Mimi Kilingala changu ni cha kuhesabu maneno. Niliokota mawili tu: mbongo, yaani pesa, na butu, yaani usiku. Pesa, usiku. Mlitaka anitumie barua yenye muhuri?

Nikaapa sitalala. Nikakaza kravati, nikanyoosha shingo, nikajifanya mtu ambaye ana ndugu polisi.

Saa mbili, saa tatu. Televisheni ya meli ilipiga kelele mpaka ikachoka. Watu wakaanza kukoroma, kila mmoja na mtambo wake. Mama wa katikati akalala mdomo wazi, binti akiwa kwenye kitenge chake kati ya sakoshi yangu na begi la yule mtu. Huyu mtoto, nikajiambia, ndiye peke yake humu ndani ambaye simuogopi.

Yule mtu alivua miwani. Macho mekundu, yananitazama mimi! Nami nikamtazama. Akavuta begi lake karibu. Mbinu hiyo, nikasema moyoni. Anajifanya naye ana cha kuibiwa.

Dirishani taa za wavuvi wa sambaza, vile visamaki vyetu vidogo, zilikuwa zimejipanga juu ya maji kama mtaa wenye umeme, ambao sisi nchi kavu hatuna. Mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa milingoti, na ukitega sikio unasikia wanaimba. Mtu wa Goma atakuapia kwamba sambaza waliumbwa pamoja na ziwa hili la Kivu, siku moja. Kumbe ni wageni, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Babu yangu alipokuwa kijana hakuwajua. Lakini waliingia bila begi linalolia, ndiyo maana hakuna aliyewauliza.

Tulipoanza kukipita kisiwa cha Idjwi, giza totoro upande wa kushoto, nikapatwa na adui mpya. Kibofu. Tangu saa nne kilikuwa kinabisha hodi kwa heshima, sasa kinapiga mlango kwa teke. Niende na sakoshi? Choo cha meli mnakijua, sakafu ni ziwa la pili, na noti ya dola ikipata tone la maji ni msiba. Niiache? Na yule aliyekaa macho kama bundi? Nikakunja mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Nikakunja wa kushoto juu ya wa kulia. Nikaomba. Ndipo nikaona viatu vyeupe navyo vinapandana, vinashuka, vinapandana.

Ilikuwa kama saa tisa alipofungua mdomo.

"Papa, weye haulalake?"

"Na wewe je?"

"Minakuchunga."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unanichunga MIMI?"

"Eee. Tangu Goma. Sijafunga jicho juu yako." Akanitazama kuanzia juu, yeye anaanzia juu, kravati, koti, kisha akashuka mpaka viatu vyangu, ambapo soli ya kulia imefungua mdomo kidogo. "Juu musafi, chini hapana. Mutu anavaa kravati butu, halafu anakumbatia Biblia kama mutoto. Batu ba vile bamesha nikula mara mbili."

Nikakosa hewa. Mimi! Karani wa miaka kumi na tisa!

"Bwana," nikasema, "umejiangalia kwenye kioo?"

"Kila siku," akajibu bila hasira. "Mwizi wa sura yangu, papa, batu bote banamuona toka mbali. Hakuna mwenye atalala pembeni yake. Ataiba nini? Lakini wa sura yako njo anatumalizaka."

Sikuwa na jibu. Hoja ilikuwa nzuri, na kibofu hakikunipa nafasi ya kutafuta nyingine. Tukaangaliana, wanaume wazima wawili waliokunja miguu, tukaelewana kwamba hapa ni mkataba au aibu. Tukaenda pamoja. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake kitini, kwa hiyo tukabeba kila kitu mpaka mlangoni pa choo, na hapo, Bwana anisamehe, nikamkabidhi sakoshi yangu. Sijawahi kukojoa kwa kasi ile. Nilitoka zipu ikiwa chini. Alikuwa amesimama palepale, sakoshi yangu ameikumbatia mbali na maji kama mwana wa mfalme.

Zamu yake. Akaingia, nami nikabaki na mabegi mawili mkononi, saa tisa za usiku, kwenye korido yenye taa moja inayopepesa. Mama mmoja akatokea na kifurushi kichwani, anataka choo. Akaniona. Akaangalia begi moja, akaangalia la pili, akaangalia zipu. Akashusha kifurushi kutoka kichwani, akakibana kifuani kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume alikotoka.

"Mama, si hivyo!" nikamwambia. Akaongeza mwendo.

Tuliporudi kitini tukaongea kidogo. Fundi wa friji. Begi linalia kwa sababu ya motere na spana. Kovu? Mlango wa friji la mwenye hoteli fulani ulimwangukia, na mwenye hoteli mpaka leo hajamlipa. Mama yake ni mtu wa Kisangani, ndiyo Kilingala. Mbongo aliyoitaja ni deni hilohilo. Viatu? Alivinunua jana soko la Virunga, kesho anabatiza mtoto, amepanda pikipiki hadi bandarini ili visiguse vumbi. Nikamhurumia, kweli. Nikajisemea, wee mzee, umemdhulumu mtu.

Halafu, alipogeuka kurekebisha jile, nikafungua Hesabu, nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Nikainua macho. Naye ameinamia kamusi kubwa ya Kifaransa aliyoitoa begini, ameifungua katikati, midomo inacheza: moja, mbili… Akaniona. Tukafunga vitabu vyetu kwa pamoja.

Kukipambazuka, Bukavu ikaanza kujitokeza na nyumba zake zilizoning'inia vilimani, nikaona niiweke vizuri jibini ya shemeji kabla ya kushuka. Mkono ukaingia sakoshini ukakuta kitu chepesi. Nikatoa. Duara langu la Masisi limekuwa mwezi wa siku saba! Nusu haipo!

Na macho yangu yalikwenda wapi? Nisiwadanganye. Kwenye viatu vyeupe. Kidole kilishaanza kunyooka.

Yeye akanyamaza, akashusha macho kwenye kitenge. Malaika wa riboni nyeupe alikuwa amelala chali, tumbo kama ngoma, vipande vya jibini shavuni, kidevuni, kwenye riboni. Kwenye jibini kulikuwa na alama za meno, ndogo ndogo, safi, mstari kwa mstari, kama mtu aliyekula hindi. Usiku kucha tulilindana sisi kwa sisi, na katikati yetu mwenzetu anakula.

Mama yake akaamka, akaona jibini, akaona nyuso zetu.

"Mutoto wangu haibake," akasema, kabla hatujauliza. Kisha bila hata kumpangusa binti kidevu, akamwelekeza yule fundi kwa mdomo: "Muulize uyu."

Watu wa viti vya mbele wakageuka, wakamtazama, wakatikisa kichwa. Kila mtu alikuwa ameshajua tangu Goma, eti. Nilipaswa kusema neno palepale. Nilisema. Lakini nilimeza mate kwanza, na yeye aliona kwamba nilimeza.

Akaingiza mkono begini, akatoa kisu.

Magunia ya viazi yalikaliwa na watu ambao sijui walirukaje. Mama akamnyakua binti. Mimi niliishika Biblia kama ngao. Yule fundi akachukua jibini yangu mkononi, akakata ule ukingo wa meno, taratibu, ukawa mstari ulionyooka kabisa, kazi ya fundi. Ule ukingo akaula mwenyewe. Kipande kilichobaki akanirudishia.

"Sasa inaonekana uliinunua nusu," akasema, akavaa miwani, akashuka na viatu vyake akirukia mahali pakavu tu.

Shemeji alinipokea vizuri. Kuhusu jibini hakusema kitu, aliitazama tu kama mtu anayetazama daraja lisilofika ng'ambo. Ukafika wakati wa mchango, wakwe wamekaa, nikafungua Hesabu kwa mbwembwe, nikatoa noti tatu, hazina mkunjo hata mmoja, nikazikabidhi kwa mikono miwili.

Akaichukua ya kwanza. Akaenda nayo mlangoni, kwenye jua. Akafumba jicho moja.