Mwanamke wa miaka 40 na virutubisho vya mayai: vipi vina ushahidi?

Mwanamke wa miaka 38 au 42 anayetafuta mtoto, awe Dar es Salaam au Nairobi, huuziwa kifurushi kinachofanana: CoQ10 (kirutubisho kinachosaidia seli kutengeneza nishati), vitamini E, mafuta ya samaki, unga wa mzizi wa maca, na mara nyingi vidonge vya "kusafisha mirija". Muuzaji humwahidi kwamba mayai yake yatarudi ujana. Akimuuliza daktari, wapo watakaomkata kauli kwamba yote hayo ni kutupa fedha. Pande zote mbili zinatia chumvi, ingawa ya muuzaji ina madhara makubwa zaidi.

Tuanze na umri wenyewe. Mwanamke huzaliwa na mayai milioni moja hadi mbili, na akibalehe yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Hakuna kidonge kinachoongeza hata yai moja. Tatizo kubwa zaidi lakini ni ubora. Yai huanza kugawanya kromosomu zake (nyuzi zinazobeba vinasaba) kabla mwanamke hajazaliwa, kisha husimama katikati ya kazi hiyo kwa miaka mingi, huku protini zinazozishikanisha kromosomu zikilegea. Linapokuja kumaliza kazi mama akiwa na miaka 40, mara nyingi hugawa vibaya. Ndiyo sababu nafasi ya kushika mimba kwa mwezi, ambayo kwenye miaka 30 ni kama asilimia 20, hushuka hadi asilimia 5 hivi, na mimba zinazoharibika huongezeka.

Wanaoitetea CoQ10 huanzia hapo hapo. Kugawa kromosomu kunahitaji nishati, nishati hutoka kwenye mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyoitengeneza), na CoQ10 ni sehemu ya mtambo huo. Panya jike wazee waliopewa CoQ10 katika utafiti wa mwaka 2015 walitoa mayai mengi na bora zaidi. Kwa wanawake, jaribio la China la mwaka 2018 lilitoa miligramu 600 kwa siku, kwa siku 60 kabla ya IVF (kutungisha mimba maabara), kwa wenye akiba ndogo ya mayai. Mayai yaliyovunwa yaliongezeka na viinitete (mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua) bora vikaongezeka. Hoja ina msingi. Ila washiriki wale walikuwa chini ya miaka 35, na kwenye idadi ya watoto waliozaliwa tofauti haikuthibitika. Jaribio lililowahusu wenye miaka 35 hadi 43, la mwaka 2014, lilikatishwa likiwa na wanawake 39 tu. Mayai yenye hitilafu ya kromosomu yalikuwa asilimia 46.5 kwa waliotumia CoQ10 na 62.8 kwa wasiotumia. Inatia moyo, lakini kwa watu wachache hivyo haithibitishi chochote.

Anayeamua kuijaribu atumie miligramu 200 hadi 600 kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta, kwani tumbo tupu huifyonza kidogo sana. Mwezi mmoja hautoshi: yai huchukua takriban miezi mitatu katika hatua zake za mwisho za kukua. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse CoQ10 bila daktari wake kujua, maana inaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo. DHEA ni habari nyingine. Hiyo ni homoni, huleta chunusi na nywele za usoni, na tafiti zinazoisifu nyingi ni dhaifu. Haifai kununuliwa kwa ushauri wa kundi la WhatsApp.

Kisichobishaniwa ni asidi ya foliki: mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Haiongezi ujana wa yai. Inamkinga mtoto dhidi ya mgongo wazi, na mfereji wa neva hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo baada ya mimba kutungwa, kabla mama wengi hawajaanza kliniki. Kidonge cha miligramu 5 ni zaidi ya mara kumi ya kipimo hicho. Kimekusudiwa wenye sababu, kama kisukari, sikoseli, dawa za kifafa, au mtoto aliyetangulia kuzaliwa na tatizo hilo.

Madhara mengi hutokana na kurundika chupa bila kusoma lebo. Mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki si kitu kimoja: ya ini yana vitamini A aina ya retinoli. Ukijumlisha na multivitamini yenye retinoli pamoja na kidonge cha ngozi, unaweza kupita mikrogramu 3,000 (IU 10,000) kwa siku, kiwango kinachohusishwa na kasoro za mtoto tumboni. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya damu vya homoni, hata cha mimba. Mwambie mtu wa maabara, na uviache siku mbili tatu kabla.

Hasara inayotuuma zaidi hata hivyo ni muda. Hakuna kidonge kinachozibua mrija wa uzazi. Mrija huonekana kwa picha ya eksirei inayopigwa baada ya kuingiza dawa kupitia mlango wa kizazi. Mwenye miaka 35 na zaidi achunguzwe baada ya miezi sita ya kujaribu, na aliyefika 40 aanze mara moja, CoQ10 akiwa anaimeza au haimezi. Miezi sita ya vifurushi katika umri wa miaka 41 hairudishwi na mtu.

Na mume apimwe manii katika wiki hizo hizo, badala ya kuletewa chupa yake. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, lenye wanaume 2,370, liliwapa baadhi yao zinki miligramu 30 na asidi ya foliki miligramu 5 kila siku kwa miezi sita. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka, na waliotumia walipata shida za tumbo zaidi ya wenzao.