Pea la Mfalme Linachekesha, Rue Transnonain Inauma

Ukianza tu kuzungumzia katuni za kisiasa za Ufaransa, utaletewa kisa cha pea. Novemba 1831, Charles Philipon, mwenye gazeti la La Caricature, alisimama kizimbani kwa kumdhihaki Mfalme Louis-Philippe. Papo hapo akachora uso wa mfalme ukibadilika hatua kwa hatua hadi ukawa tunda la pea. Hoja yake: kama pea linafanana na mfalme, kosa ni langu? Alifungwa, lakini mapea yakazagaa kwenye kuta za Paris. Kisa kitamu, sikatai. Ila mimi naona pea limepewa sifa kupita kiasi.

Kazi nzito ni ya Honoré Daumier, kijana aliyekwisha kuonja jela ya Sainte-Pélagie kwa kumchora mfalme kama jitu linalomeza vikapu vya fedha za walalahoi. Aprili 1834, katikati ya ghasia, askari waliingia nyumba moja ya Rue Transnonain, mtaa wa Paris, eti wamefyatuliwa risasi kutoka dirishani, wakaua wakazi. Tazama alichochora Daumier. Mwanamume kaanguka kando ya kitanda, kavaa shati la kulalia na kofia ya usiku. Chini yake kuna mtoto kalaliwa, kichwa kikichomoza. Upande wa kulia, uso wa mzee. Damu sakafuni, kiti kimepinduka. Hakuna mzaha, wala mfalme hayumo. Hakuna hata askari mmoja.

Picha ile ilichorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa: jiwe likiloweshwa, wino hushika penye mafuta tu. Hakuna kuchonga, ndiyo maana habari ilikuwa bado ya moto picha ilipotoka. Polisi wakakamata nakala pamoja na jiwe lenyewe.

Mwaka 1835, baada ya mtu aitwaye Fieschi kujaribu kumuua mfalme, ikaja sheria ya Septemba: picha lazima ziombewe kibali kabla ya kuchapishwa. Maandishi hayakuguswa na sharti hilo. Katiba ya 1830 iliahidi kwamba udhibiti hautarudi, basi serikali ikajitetea kuwa maandishi ni maoni, picha ni kitendo. Sijawahi kusikia msanii akisifiwa hivyo na adui yake.

La Caricature likafa. Daumier akahamia gazeti la Le Charivari, akaacha kumchora mfalme, akawachora matapeli, wenye nyumba na mawakili. Wapo wanaosema alifugwa. Nikiwatazama mawakili wale, majoho yamewatuna na mteja kasahaulika pembeni, huko kufugwa sikuoni.